Nyumba ya vyura wa mitini: kioo, wavu na gundi

Vyura hawa hupanda, kwa hiyo tafuta kimo kabla ya upana. Kwa wawili au watatu wa ukubwa wa kati, sentimita 45 kwa 45, kimo 60, zinatosha.

Kuta ziwe za kioo. Plaiwudi hunyonya maji, huvimba kwenye maungio, kisha huota ukungu. Mbao zilizotiwa dawa ya wadudu usizikaribie kabisa, maana ngozi ya chura hufyonza kinachoigusa. Gundi iwe silikoni tupu, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu (nyingi za bafuni huwa nayo). Iache ikauke mpaka harufu ya siki iishe. Ipe wiki nzima, usiwe na pupa.

Paa ni wavu, ila si wa waya: chura akirukaruka usiku huchubuka pua, na kidonda huingia vijidudu. Wavu laini wa fibaglasi unafaa, ingawa nyenje unaowalisha vyura, wakiwa na njaa, huutoboa. Ukikuta unyevu unatoroka, funika nusu ya paa kwa kioo.

Chini tandaza sentimita 5 za kokoto zinazozidi kichwa cha chura, kisha wavu, kisha makumbi ya nazi. Changarawe ndogo humezwa pamoja na mdudu na kuziba utumbo.