Malkia wa Sheba Hakuingia Jikoni

Somo: 1 Wafalme 10:1–10 na 12:1–4

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Katika Biblia nzima, mtalii ninayempenda kuliko wote ni malkia wa Sheba. Alikuja kwa mfalme Sulemani na maswali yake magumu, akajibiwa yote, kisha akatembezwa. Tunasomewa alichokiona: nyumba, chakula cha mezani, namna watumishi walivyokaa, mavazi ya wahudumu, hata wanyweshaji. Roho ikamzimia. Akasema habari alizozisikia kwao hazikufika hata nusu.

Hapo mezani ndipo ninapotaka tukae kidogo. Sura ya 4 inatupa hesabu ya chakula cha Sulemani kwa siku moja: ng'ombe thelathini, kondoo mia moja, mbali na ayala na kuku walionona. Vilikusanywa na maakida kumi na wawili, kila mmoja na mwezi wake. Sura ya 5 inataja wachukuzi wa mizigo 70,000 na wachonga mawe 80,000 milimani. Huko malkia hakupelekwa. Sulemani alipokufa, watu walimwendea Rehoboamu wakalia kwamba baba yake aliwatwika kongwa zito. Mgeni alishapakia ngamia wake akaenda zamani.

Nimelifikiria somo hili tangu kwaya yetu ilipovuka Kasumulu kwenda Malawi, wengi wetu ikiwa ndiyo mara ya kwanza kutoka nje ya nchi. Ukishavuka daraja la Songwe, saa inarudi nyuma kwa saa moja, shilingi inageuka kwacha, na baiskeli zinabeba abiria kama bodaboda zetu. Karonga hatujafika, hukumu tayari. Mmoja anasema hawa wako nyuma, mwingine anasema hapana, hawa wastaarabu, tazama wanavyosalimia. Yote hayo kwa kuchungulia dirishani tu! Sokoni mama mmoja wa kwetu Rungwe alitoa salamu ya "ugonile" kwa mazoea, akaitikiwa pale pale. Wangonde wa kule na Wanyakyusa wa kwetu ni ndugu. Mto ule waliugeuza mpaka Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, wala hawakumuuliza mtu wa bondeni.

Usiku tulilala Karonga, tukigawanywa kwa waumini. Mezani kwetu ililetwa nsima, yaani ugali wao, mabonge laini yaliyochotwa kwa upawa uliochovywa majini, yakapangwa juu ya sahani moja baada ya jingine. Pembeni samaki aitwaye chambo, mzima kwa kila mgeni. Tulikula tukasifu. Nilipobeba vyombo kurudisha jikoni, nikamkuta mama mwenye nyumba na binti zake wamekaa chini, wanakula usipa, dagaa wa ziwani, na ukoko wa sufuria. Akacheka, akanipokonya sahani. Mgeni habebi vyombo.

Kesho yake tukapanda Livingstonia, kona juu ya kona, ziwa likizidi kuwa dogo chini yetu (sisi twaliita Nyasa, wao Malawi, na tuliachana na ubishi huo mapema). Misheni ile ilianzishwa pale juu mwaka 1894 na Dkt. Robert Laws, Mskoti, baada ya malaria kuwaua wenzake wengi kule chini ufukweni. Nyumba yake ya mawe ingali imesimama. Kanisani kuna dirisha la vioo vya rangi lenye sura ya David Livingstone, na simu zote zilielekezwa hapo. Pazuri mno, sikatai. Na Laws simwonei, maana alitumika nchi ile zaidi ya miaka hamsini. Ila akili yangu ilikuwa kwa wachonga mawe wa sura ya 5. Ukuta haupandi mlima wenyewe. Hata Livingstone, alipofariki mwaka 1873, alibebwa mabegani miezi kadhaa hadi Bagamoyo. Chuma na Susi tunawataja. Wenzao waliopokezana ule mzigo, wangapi kati yetu wanawajua kwa majina?

Simlaumu malkia. Aliona alichoonyeshwa, na cha kumpongeza ni kwamba alimhimidi Mungu wa Israeli, hakuishia kwenye dhahabu. Lakini sifa zake hazikuwa ushahidi kamili juu ya nchi ile, kama ambavyo maneno ya ndani ya basi letu hayakuwa ushahidi juu ya Malawi. Na wanaokuja Mbeya wakatuona kwa siku tatu, wakarudi kwao kututangaza kuwa maskini au kuwa watakatifu, nao wapo hapo hapo.

Wenzetu wa Karonga wameahidi kuja kwetu. Kwenye kikao limetolewa pendekezo kwamba wageni walale kwenye nyumba za karibu na lami, zenye vigae na maji ya bomba, tusije tukaaibika. Mimi nimeomba tuwagawe nyumba zote, na zile za juu migombani ambako gari halifiki, na wanaotaka kuingia jikoni wasizuiwe. Kikao kinaendelea Jumapili baada ya ibada ya pili.