Ramadhani niliyoshindwa kuinuka kwenye mbuzi

Nilikuwa nimekaa kwenye mbuzi uani kwetu Tanga, nakuna nazi ya pili ya muhogo wa futari. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Ramadhani, Mei 2018, na mvua za masika zilikuwa bado hazijakatika. Nikataka kuinuka nifuate chujio. Miguu ikakataa. Haikuwa ganzi, wala si ule ukakamavu wa mtu aliyekaa kitako muda mrefu. Mapaja niliyahisi yote mawili, yanauma kama yaliyotwangwa kwenye kinu, lakini nguvu ya kuninyanyua haikuwamo. Nikaweka kifuu chini, nikashika ukuta, nikajaribu tena. Nikarudi kukaa. Binti yangu alikuwa jikoni anapepea mkaa, hatua kumi kutoka nilipo, na sikumwita. Nilibaki pale mpaka machozi yakanitoka, ndipo nikamwita.

Maumivu yenyewe yalikuwa yameanza siku nne kabla, nikiwa kwenye tarawehe. Kila nikitoka kwenye sijida naona vigimbi vinakaza, kisha mapaja, kisha mabega. Kila mtu nyumbani alikuwa na jibu lake. Mume wangu alisema ni baiskeli, niache kuendesha kwenda shuleni nikiwa nimefunga. Shoga yangu alisema baridi yabisi, umri huo, na akaniletea mafuta ya karafuu ya kuchua. Mimi nilisema ni tarawehe, rakaa ishirini mtu hajazizoea tangu mwaka jana. Nikanunua diklofenaki za kutuliza maumivu, nikawa nameza kila baada ya futari. Hakuna jibu katika hayo lililokuwa la kipuuzi. Mtu wa miaka 54 akiumwa miguu mwezi wa Ramadhani, nani atafikiria kingine?

Kulikuwa na jambo moja sikumwambia mtu. Asubuhi ile mkojo wangu ulitoka rangi ya chai ya rangi, ile iliyokolea. Nikajiambia ni kiu ya funga.

Tulikwenda hospitali kwa bajaji baada ya Magharibi, mume wangu na dereva wakinibeba kunipandisha. Walianza na malaria, kipimo hakikuona kitu. Wakachukua mkojo. Mtaalamu wa maabara akarudi kwa daktari akiwa na karatasi, wakazungumza pembeni, na kwa kuwa nimefundisha baiolojia sekondari maisha yangu yote ya kazi, masikio yangu yalikuwa kwao. Kijiti cha kupimia kilionyesha damu nyingi kwenye mkojo. Lakini chini ya darubini, chembe nyekundu za damu hazikuwapo. Kijiti kinasema ipo, darubini inasema haipo.

Daktari alikuwa binti mdogo, pengine hajafika miaka thelathini. Akavuta kiti, akakaa, akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyeniuliza mwezi ule mzima: "Mwalimu, unatumia dawa gani? Zote, hata za mitishamba, hata za kununua dukani."

Nikaanza kutaja, nikachanganya. Akamwomba binti yangu arudi nyumbani alete kila kilichomo kabatini. Akaleta kwenye mfuko wa rambo, akamimina kitandani. Daktari akavipekua, akatoa boksi mbili, akashika moja mkono huu na nyingine mkono ule. "Hizi umezimeza pamoja?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza kidogo. Nilijua kabla hajasema kitu.

Boksi la kwanza lilikuwa simvastatini, miligramu 40, dawa yangu ya kila usiku kabla ya kulala. Nilianzishiwa Septemba 2017, baada ya kaka yangu kuanguka akitoka sala ya Ijumaa na moyo wake kusimama palepale. Watoto wangu walinishikilia nikapime, na kolesteroli yangu ikaonekana milimoli 7.4 kwa lita, mafuta mengi mno kwenye damu. Nilimeza miezi minane, sikuumwa hata kidole. Hilo nataka lieleweke vizuri: miezi minane, kila usiku, bila maumivu yoyote.

Boksi la pili lilikuwa klarithromaisini. Mwanzoni mwa Mei nilikuwa na kiungulia kikali, na Ramadhani ilikuwa inabisha hodi. Nikapimwa choo, wakaona wale bakteria wa vidonda vya tumbo, ndugu zetu wengi wanawajua kwa jina la ech pailori. Nikaenda duka la dawa, nikauziwa tiba ya siku kumi na nne: klarithromaisini, amoksisilini na omeprazoli, asubuhi na jioni. Kijana aliyeniuzia alinieleza vizuri sana jinsi ya kugawa, hizi na futari, hizi na daku, ili nisikose funga. Nilimshukuru kwa moyo wote. Nilitibiwa mapema kwa sababu hiyo hiyo, niweze kufunga mwezi mzima nikiwa na tumbo zima.

Daktari alieleza huku anaandika. Simvastatini hufanya kazi kwenye ini, inazuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza kolesteroli. Baadaye vimeng'enya vingine vya mwili huivunja dawa yenyewe, ikapungua kwenye damu. Klarithromaisini inavifunga vimeng'enya hivyo vya kuvunja. Kwa hiyo kidonge cha jana hakijaondoka, cha leo kinaingia juu yake, cha kesho juu ya vyote viwili. Nilikuwa nameza miligramu 40, damu yangu ikawa kama ya mtu aliyemeza rundo. Sumu ya dawa ikaanza kubomoa misuli, misuli ikamwaga protini yake nyekundu, mayoglobini, kwenye damu, na hiyo ndiyo iliyokuwa inapita kwenye figo na kuupaka mkojo wangu rangi ya chai. Kijiti kiliiona kama damu. Darubini haikuwa na chembe za kuona.

"Na hizi pia tunaziacha," akasema, akaondoa diklofenaki. Zinazibana figo, na figo zangu zilikuwa zimeshaelemewa.

Majibu ya damu yalikuja kesho yake mchana. Kreatini kinasi, kitu kinachovuja misuli ikiharibika, ilikuwa zaidi ya 18,000. Mtu mzima wa kawaida kama mimi hutarajiwa kuwa chini ya 200 hivi. Kreatinini, taka ya damu ambayo figo huichuja, nayo ilikuwa imepanda, si sana. Daktari alisema tumewahi. Nilipomwona mume wangu anafuta uso kwa kanzu ndipo nilipoogopa kweli.

Siku tano nililala na dripu, chupa juu ya chupa, na muuguzi anapima mkojo kwenye jagi na kuandika. Nilikuwa naangalia lile jagi kuliko nilivyoangalia chochote maishani. Kutoka chai ya rangi likaja rangi ya chai iliyozidi maji, kisha mchaichai, kisha siku ya nne asubuhi likawa maji ya kawaida ya binadamu, na yule muuguzi, bila kusema neno, akaliinua juu kidogo ili nilione vizuri kwenye mwanga wa dirisha.

Kitandani nilikuwa na muda wa kusoma kwenye simu. Nilifundisha kuvu na bakteria miaka yote hiyo na sikujua kwamba familia nzima ya dawa hizi za kolesteroli ilianzia kwenye kuvu. Mjapani Akira Endo alichunguza maelfu ya aina za kuvu, mpaka mwaka 1973 akapata kwenye mojawapo kitu kinachokizuia kile kimeng'enya cha ini. Na klarithromaisini, nayo asili yake ni bakteria wa udongoni. Viumbe viwili visivyoonekana kwa macho, kila kimoja kimemponya mtu sehemu yake, vikakutana ndani ya ini langu kwa siku kumi.

Nyumbani nilitembea na fimbo wiki sita. Funga zilizobaki sikuzifunga, nikazilipa mwanzoni mwa mwaka uliofuata, kidogo kidogo, Jumatatu na Alhamisi.

Nilipopata nguvu nilikwenda kwenye lile duka la dawa. Sikwenda kugombana, ingawa njia nzima nilikuwa napanga maneno makali. Yule kijana alinikumbuka, akaniuliza tumbo linaendeleaje. Nikamweleza yote. Akabadilika rangi.

"Mama, hukuniambia kama una dawa nyingine."

"Hukuniuliza, mwanangu."

Tukatazamana. Yote mawili yalikuwa kweli. Akachukua daftari la mauzo, akaniomba nimtajie tena lile jina la dawa ya kolesteroli, akaliandika kwa herufi kubwa kwenye jalada kwa ndani.

Jambo lililoniuma baadaye ni jinsi kisa changu kilivyosafiri. Kilipofika mtaa wa pili, klarithromaisini ilikuwa imeshadondoka njiani, imebaki "dawa za mafuta zinakula misuli." Shemeji yangu, mtu aliyewahi kupata kiharusi chepesi na Mungu akamrudisha, alitupa atovastatini yake, nayo ni dawa ya kolesteroli. Nilipomfuata aliniambia miguu yake nayo ilianza kuuma, wiki ileile aliyosikia habari zangu. Sikumwambia anajisingizia. Maumivu alikuwa nayo, nilimwona anavyoshuka ngazi. Tulikwenda naye kupima kreatini kinasi, ikawa ya kawaida kabisa, na daktari akamwambia arudie dawa yake. Akakataa. Alikaa bila dawa zaidi ya miaka miwili.

Mwishoni mwa mwaka 2020 watafiti wa Imperial College London walitoa matokeo ya watu 60 walioacha dawa hizi kwa sababu ya madhara. Waliwapa mwezi huu dawa yenyewe, mwezi mwingine kidonge kisicho na dawa, mwezi mwingine wasimeze kitu, bila kuwaambia vidonge vipi ni vipi. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za usumbufu walioupata wakiwa kwenye dawa, waliupata pia kwenye vidonge vitupu. Nilimsomea shemeji polepole, sebuleni kwake.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Wewe mwenyewe je? Baada ya yale yote, unameza?"

Nikafungua mkoba, nikatoa kipande cha vidonge vya rosuvastatini, dawa nyingine ya kolesteroli, miligramu 5, ambayo bingwa wa moyo Dar es Salaam alinianzishia miezi mitatu baada ya kutoka hospitali, kwa kuwa hii haipiti njia ileile ya kuvunjwa kwenye ini. Wiki za kwanza kila asubuhi nilikuwa nabonyeza mapaja kabla ya kushuka kitandani. Nikamwonyesha matundu matupu.

Akakishika kile kipande, akayahesabu matundu kwa kidole, moja moja, midomo inatikisika. Kisha akamwita dada yangu amletee maji.