Nilivyotafuta chanzo cha kupinda kwa mgongo wa binti yangu

Binti yangu alikuwa na miaka minane nilipoona, siku moja alipoinama kufunga viatu, kwamba mbavu za upande wa kushoto zimeinuka kuliko za kulia. Nililaumu mkoba wa shule, kisha nikalaumu anavyokaa akisoma, na kwa wiki nzima kazi yangu ikawa kumkemea ajinyooshe. Daktari wa mifupa aliniambia kwamba mkoba mzito huweza kumwumiza mtoto mgongo, lakini haupindishi pingili na kuzizungusha kama zilivyokuwa zimezunguka zake.

Kwenye picha ya eksirei alipima pembe ya Cobb, yaani kipimo cha ukubwa wa mpindo, akapata nyuzi 28. Mpindo usiofika nyuzi 10, alisema, hauhesabiwi kuwa skoliosisi, yaani ugonjwa wa mgongo kupinda kwenda upande. Na kati ya watoto wenye skoliosisi, takriban wanane katika kila kumi hawapatikani na chanzo chochote. Wengi wa hao ni vijana wa rika la balehe wanaorefuka kwa kasi, na mpindo wao wa kifuani kwa kawaida huelekea kulia. Hapo nikatega masikio, kwa kuwa wangu alikuwa bado mdogo na mpindo wake ulielekea kushoto.

Nilianza kuandika kila kitu daftarini. Daktari alitafuta kwenye ngozi madoa ya rangi ya kahawa, dalili ya neurofibromatosi, ugonjwa unaootesha uvimbe kwenye neva. Akapima urefu wa mikono na vidole kwa sababu ya ugonjwa wa Marfan, ambao hulegeza tishu na huweza kudhuru mshipa mkuu wa moyo. Akalinganisha miguu, kwani mguu mmoja ukiwa mfupi nyonga huinama na mgongo hufuata. Mwendo wake haukuonyesha mtindio wa ubongo wala ugonjwa wa misuli. Eksirei nayo haikuonyesha pingili iliyoumbika nusu tangu tumboni. Ingeonekana, figo na moyo vingepimwa pia, maana kasoro zake huandamana mara nyingi na hiyo.

Kisha alimpapasa tumbo kwa kijiti: upande mmoja misuli ilishtuka, wa pili ikatulia, ishara kwamba huenda tatizo liko kwenye neva. Akaniuliza kuhusu kichwa. Nikakumbuka, kwa aibu, kwamba mtoto alikuwa akilalamikia kisogo kila anapokohoa au kucheka sana, nami nikidhani anakwepa kazi. Aliwahi pia kuungua kidole kwenye sufuria asihisi, na malengelenge niliyaona mimi kwanza.

Kipimo cha MRI kilionyesha kwamba sehemu ya chini ya ubongo imeshuka hadi kwenye tundu la fuvu, hali iitwayo Chiari, na kwamba ndani ya ugwe wa neva za mgongo kuna uwazi uliojaa majimaji. Mgongo ulikuwa unapinda kwa sababu ya neva, wala si mifupa. Daktari wa upasuaji wa ubongo alipanua nafasi pale kisogoni ili majimaji yapite.

Maumivu ya kichwa yaliisha mapema. Mgongo haukuwa na haraka hiyo. Baada ya mwaka pembe ilikuwa nyuzi 21, na eksirei tunarudia kila miezi sita, kwa kuwa miaka ya kurefuka bado iko mbele. Daftari sasa analishika mwenyewe, na kichwa kikimuuma huandika saa.