Ndoo ya mboji iliyokuwa ikinuka: jinsi nilivyotatua

Ndoo ya lita 20 ya mabaki ya jikoni ilitoa harufu ya mayai viza, na maji meusi yalituama chini. Chanzo ni kukosa hewa. Maganda yana maji mengi. Yakishikamana, bakteria wasiohitaji oksijeni hutawala, nao ndio wanaotoa gesi yenye harufu hiyo.

Nilimwaga kila kitu juu ya turubai, nikatoboa matundu 10 ya milimita 6 kwenye kitako na mengine ubavuni, kisha nikaiweka ndoo juu ya matofali mawili ili maji yachuruzike. Chini nikatandika vijiti, unene wa sentimita 5. Mabaki nikayachanganya na majani makavu na vipande vya maboksi: kopo moja la mabaki kwa makopo mawili ya vitu vikavu. Utepe wa plastiki kwenye boksi ubanduliwe wote, kwa sababu hauozi.

Unyevu hupimwa kwa mkono. Kamua konzi moja: tone moja au mawili yanatosha. Maji yakitiririka, ongeza vikavu. Mboji ikipukutika, nyunyiza maji. Harufu kali kama ya mkojo maana yake naitrojeni imezidi, na dawa yake ni vikavu pia.

Geuza kila baada ya siku 3 au 4, hadi chini kabisa. Kugeuza juujuu hakusaidii, maana tatizo huanzia kitakoni.

Nzi huzuiwa kwa kufukia mabaki mapya chini ya vikavu. Nyama, mafuta na maziwa visiingie. Magugu yenye mbegu pia: ndoo ndogo haipati joto la kuziua.