Wakulima wa Katumba si mzigo
Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikinunua mahindi na maharage Katumba, karibu na Mpanda mkoani Katavi, na kila ninaposikia kwamba wageni ni mzigo kwa nchi, moyo huniuma. Wanaoniuzia ni watu, au watoto wa watu, waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, wakapewa ardhi ya msituni, na ilipofika katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wakijilisha wenyewe, kuuza ziada na kulipa ushuru wa mazao kama wakulima wengine. Mwaka 2014 wakazi zaidi ya 160,000 wa makazi ya wakimbizi hao ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipewa uraia wa Tanzania. Gharama zipo, nami sizifichi: misitu imepungua, hasa kwa kuni za kukaushia tumbaku, na wenyeji wana haki ya kulalamika, ingawa tumbaku hiyohiyo wanailima wao pia. Linalonisikitisha zaidi ni kuona vijana waliozaliwa hapa, wanaozungumza Kiswahili kama mimi, bado wanaitwa wakimbizi, tena na watu walewale wanaotajirika kwa kununua mazao yao.