Basne: nguo ilinikaa na neno nalo likanikaa

Jirani yetu hapa Makadara ni mama wa Kihindi, miaka yote nikidhani ni Mgujarati kumbe kwao ni Pune, mji wa huko India, na lugha yake ni Kimarathi. Juzi natoka kwa fundi nimevaa dera jipya, akanitazama juu chini akasema "chan basla!" Nikamuuliza basla ndio nini mama, akaniambia imekaa, imekukaa vizuri.

Wallahi niliganda pale pale mlangoni. Kwa sababu basla imetoka kwenye basne, na basne ni kukaa, kukaa kitako kabisa, mgeni akibisha anaambiwa "basa" vile sisi tunavyomwambia karibu kaa kitako, halafu kitenzi hicho hicho ndio nguo inamkaa mtu! Na Kimarathi na Kiswahili hata si ukoo mmoja, sisi Wabantu na wao lugha yao imetoka ubavuni mwa Sanskriti, lugha ya kale ya India.

Nikaanza kuchimba, usiku mzima. Zamani walisema baisne, na nyuma yake kuna neno la Sanskriti upavishati, yaani kuketi. Upa ni karibu, vish ni kuingia, kutua mahali. Ule u wa mwanzo ukaanguka, p ikalegea mpaka ikawa b, midomo ya watu kwa mamia ya miaka ikalisugua neno likabaki fupi hivi. Wagujarati wa hapa mjini wakikwambia "beso" ni lile lile, na baithna ya Kihindi pia ni wa tumbo moja. Kilichonigusa zaidi ni kuwa hiyo vish ndio imezaa veshman, nyumba kwa Sanskriti, na sisi pia kwenye kaa ndio tumetoa makao na makazi.

Halafu kuna bas. Kwa Kimarathi bas ni kaa (ukiongea na mtoto au rafiki), bas ni basi la abiria, na bas ni imetosha, hii ya mwisho ya Kiajemi, nasi basi yetu ya "basi yatosha" imetoka huko huko!

Leo asubuhi nimemwamkia dirishani sauti haimtoki, akashika shingo akanong'ona "ghasa basla". Koo limekaa. Sisi twasema sauti imekauka. Nimempelekea chai ya tangawizi, nikamwambia basa mama, tukakaa.