Hoteli kongwe za Chanthaburi: chagua chumba, usichague hoteli

Watu wetu wengi wa Afrika Mashariki wanaofika Chanthaburi, Thailand, wamefuata mawe ya vito. Mji uko kusini-mashariki mwa Bangkok, kilomita 245 hivi, mwendo wa saa nne kwa basi kutoka kituo cha Ekkamai. Soko lake la vito huchangamka Ijumaa hadi Jumapili kwenye barabara ya Si Chan na vichochoro vyake, na rubi za Msumbiji na safaya za Tunduru hupitia hapa kuchomwa moto ili rangi iboreke, na kukatwa. Anayekuja na mfuko mwepesi hulala hoteli kongwe za katikati ya mji: jengo la zege la ghorofa nne au tano, la zamani kuliko wageni wake wengi, mara nyingi mali ya familia ya Wathai wenye asili ya Kichina, na madhabahu ndogo nyekundu pale mapokezi.

Hoteli hizi si mbaya. Tatizo lao ni kwamba vyumba havifanani. Namba 307 inaweza kuwa safi na tulivu, na 308 isifae hata kuweka mzigo. Kwa hiyo usilipie kwenye simu ukiwa bado Bangkok. Fika mchana, uliza bei mbili, ya chumba cha feni (phat lom) na cha kiyoyozi (ae). Cha feni kwa kawaida ni baht 250 hadi 350, cha kiyoyozi 400 hadi 600. Kisha sema "kho du hong kon", yaani naomba kuona chumba kwanza, na umalizie na khrap kama wewe ni mwanamume au kha kama ni mwanamke. Hakuna anayechukia, mwenye subira hupewa funguo mbili tatu akakague. Taja pia "khang khuen", kulala usiku mzima, maana baadhi ya hoteli za aina hii hukodisha vyumba kwa saa, na bei utakayotajiwa kwanza huenda ni ya muda wa saa tatu tu. Beba fedha taslimu. Mashine za benki hukata baht 220 au zaidi kila unapotoa pesa kwa kadi ya nje, kwa hiyo toa mara moja kiasi kikubwa kuliko kutoa kidogo kidogo.

Sasa ghorofa. Wathai huhesabu kuanzia chini, hivyo chumba 201 kiko juu tu ya mapokezi, ghorofa ya kwanza kwa hesabu yetu. Ukipewa hiari, chukua namba inayoanza na 3, upande wa nyuma. Chini kabisa kuna mbu, moshi wa jikoni na pikipiki za sokoni kabla ya alfajiri. Juu kabisa kuna shida mbili, na zote zinatoka paani. Zege la paa hunywa jua mchana kutwa na kulitema usiku, kiasi kwamba kiyoyozi cha chumba cha juu huhangaika hadi usiku wa manane. Na tangi la maji limekaa juu ya paa hilohilo. Pasipo pampu, maji hushuka kwa uzito wake tu, kwa hiyo ghorofa iliyo mita mbili tatu chini ya tangi hupata maji ya kudondoka, na mchana yanakuja ya uvuguvugu hata kwenye bomba la baridi.

Hapo ndipo hita inapogoma. Kile kisanduku cheupe ukutani mwa bafu, cha wati 3500 au 4500, hakina tangi ndani. Kinapasha maji yakiwa yanapita, na kina swichi inayosubiri msukumo. Maji yakiwa hafifu haiwaki. Mgeni wa ghorofa ya tano hulalamika hita imekufa, fundi akija anaikuta nzima. Fungua bomba mpaka mwisho, fungua kichwa cha bafu na ukisugue chokaa iliyoziba matundu, ndipo ujaribu tena. Lakini kabla ya yote bonyeza kitufe chenye neno TEST. Umeme wa hita unatakiwa ukatike papo hapo. Usipokatika, kinga ya kupigwa shoti haifanyi kazi: zima swichi yake, oga maji ya baridi au hama chumba. Usione aibu kulisisitiza hili. Wati 3500 kwa volti 220 ni karibu ampea 16, na hita nyingi zimeongezwa baadaye kwenye nyaya za zamani zilizowekwa kwa ajili ya taa na feni. Taa zikififia kila hita inapowaka, oga kwanza, kiyoyozi washa baadaye.

Soketi nazo zina lao. Plagi ya pini tatu ya Kenya, Uganda au Tanzania haiingii. Utahitaji adapta ya pini mbili, ambayo maduka ya vifaa vya umeme huuza bei ndogo. Soketi za zamani zina matundu mawili tu, hazina waya wa ethi, ndiyo maana kompyuta yenye mwili wa chuma hukutekenya vidole ikiwa inachaji. Chomoa chaja, fanya kazi kwa betri. Pembeni ya mlango mara nyingi kuna kitundu cha kuchomeka kibao cha ufunguo, ndicho kinachowasha umeme wa chumba. Ukitoka na ufunguo, simu uliyoacha inachaji huacha kuchaji. Vitundu vya zamani havina akili yoyote: kadi ngumu ya kipimo kilekile inatosha, ila kiyoyozi ukizime, bili si yako lakini ustaarabu ni wako.

Chanthaburi hupata mvua nyingi sana, Mei hadi Oktoba hasa, kwa hiyo adui mkubwa wa chumba ni unyevu. Ukiingia, nusa kabla ya kuangalia. Harufu ya nguo iliyolala majini maana yake kuvu iko ukutani nyuma ya kabati au ndani ya kiyoyozi. Washa kiyoyozi dakika kumi ukiwa bado unakagua: kikidondosha maji ndani, bomba lake la kutolea maji limeziba, na halitazibuliwa usiku huo. Kisipopoza, inua kifuniko utazame chujio. Likiwa na vumbi nene, lisuuze bafuni, likung'ute, lirudishe. Kazi ya dakika tano. Kwenye rimoti chagua alama ya theluji, nyuzi 25 au 26. Ile alama ya tone hupunguza unyevu na ni nzuri usiku wa mvua.

Kitanda: funua shuka kwenye pembe za godoro upande wa kichwani, mulika kwa simu, tafuta madoa meusi madogo ya kunguni. Godoro litakuwa gumu, hilo ni la kawaida. Wavu wa dirisha uwe mzima, kwa sababu mbu wa dengue huuma mchana na feni peke yake haitoshi.

Choo hakitamshangaza mtu wa pwani. Kuna kibomba cha kujisafishia ukutani, na kwenye majengo ya zamani zaidi pipa la maji na kata. Karatasi haitupwi chooni bali kwenye kikapu, mabomba ni membamba. Bafu na choo ni sakafu moja, basi acha nguo kavu nje.

Mapokezi watachukua nakala ya pasipoti. Si udadisi: kifungu cha 38 cha Sheria ya Uhamiaji ya 1979 kinamtaka mwenye hoteli amwarifu Uhamiaji ndani ya saa 24 anapolaza mgeni wa nje, kwa fomu ya TM.30. Hoteli ndogo isiyozoea kazi hiyo inaweza kukukataa kwa kisingizio kwamba imejaa. Usibishane, nenda ya pili. Nakala wape, pasipoti yenyewe usiiache kama amana. Amana ya ufunguo ni fedha, kawaida baht 100 au 200. Na anayetoka nyumbani moja kwa moja akumbuke cheti cha homa ya manjano, ambacho hukaguliwa uwanjani kabla ya dirisha la Uhamiaji, pamoja na fomu ya kidijitali ya kuingia nchini, TDAC, iliyoanza tarehe 1 Mei 2025, inayojazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika na inayouliza anwani utakapolala.

Mawe hayalali chumbani mchana. Vyumba hivi havina sefu, na mwenye kusafisha ana ufunguo wa akiba. Wala usiyaache mapokezi kwenye bahasha. Wao hawajui thamani yake, na ubishi ukitokea huna ushahidi wa gramu ngapi zilikuwemo. Vaa mfuko wa kiunoni chini ya shati, na usipokee dalali chumbani. Biashara ifanyike mezani sokoni, mbele ya watu na mizani.

Msimu wa durian, Aprili hadi Juni, wanunuzi wa matunda huvijaza vyumba, hivyo fika Alhamisi mapema badala ya Ijumaa. Tangazo la kukataza durian ndani ni la kweli na faini yake hulipwa, kwa sababu harufu huingia kwenye kiyoyozi na magodoro. Kwa Muislamu, sifa ya mji huu, mu chamuang, ni nyama ya nguruwe iliyopikwa na majani machachu, na supu za tambi za asubuhi nyingi zina mchuzi wa nguruwe hata ukiomba bila nyama. "Mai sai mu" huondoa vipande tu, mchuzi haubadiliki. Tafuta nembo ya halali.

Kutoka ni saa sita mchana. Ukidai risiti kwa ajili ya hesabu za safari, mwaka utaandikwa wa Kibudha, 543 mbele ya wetu: 2025 ni 2568. Mwambie mhasibu mapema, asije akairudisha.